Swichi ya Benzi imegoma: mafuta, mtikiso, waya, drili au kung'oa shina zima?

Viti vimetoka, vimeegemezwa ukutani. Kapeti imekunjwa, sponji iliyooza chini yake imetupwa, na sakafu imeshapigwa rangi ya kuzuia kutu. Kilichobaki ni kuzungusha ufunguo, usukani uachie, gari lisukumwe upande wa pili wa uwanja kwa fundi bodi. Ufunguo unaingia vizuri kabisa. Hauzunguki.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 240D ya 1982, umbo la W123. Umbo hilo liliingia sokoni 1976 na kufungwa mwanzoni mwa 1986, baada ya kuundwa magari karibu milioni 2.7. Huku kwetu lilikuta neno "wabenzi" limeshazoeleka midomoni. Lenyewe lililipa sura tu. Langu lilikuwa limelala Upanga, Dar es Salaam, chini ya mwarobaini kwa miaka mingi, vioo vikiwa wazi kidogo, upepo wa bahari ukiingia na kutoka upendavyo. Nilijua viti vitakuwa vimekufa. Swichi sikuiwaza hata siku moja, na ndiyo iliyonisimamisha siku tisa.

Kwa siku hizo tisa nilipewa ushauri wa kila aina na karibu wote niliujaribu. Naulinganisha hapa kwa ajili ya mwenye gari kama hili, au gari lingine la zamani lenye swichi inayofunga usukani, apate kuchagua kabla hajashika nyundo.

Kilichomo ndani ya tundu

Ndani ya silinda ya swichi mna vibati vyembamba vya shaba, kila kimoja kimesukumwa na springi ndogo sana. Meno ya ufunguo sahihi yanavishusha na kuvipandisha mpaka vyote vilingane na uso wa silinda, ndipo silinda inazunguka. Kibati kimoja kikibaki juu kwa unene wa karatasi, kinagota ukutani na mchezo umeisha. Baada ya miaka 40 meno ya ufunguo yamelika, vibati vimelika, vumbi limeganda katikati. Ongeza rundo la funguo za nyumba, ofisi na geti lililoning'inia hapo miaka yote, likiivuta silinda kwenda chini kila gari linaporuka tuta.

Sasa, W123 ina mtego wake. Silinda imetengenezwa itoke ufunguo ukiwa kwenye namba 1 tu, pale usukani umeachiwa lakini gari halijawashwa. Ukiwa kwenye 0, pale usukani umefungwa, lachi inayoishika haibonyezeki, na nyumba nzima ya kitasa nayo haichomoki kwenye shina la usukani. Wajerumani walikuwa wanamfikiria mwizi. Hawakumfikiria mtu atakayekuja miongo minne baadaye na ufunguo halali mkononi na kadi ya gari ya TRA mfukoni.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza utumie kifaa gani, jaribu kuzungusha mara ishirini, polepole, huku unahesabu. Ukifika kwenye 1 hata mara moja, uko kwenye kundi la wenye bahati. Ruka moja kwa moja hadi kwenye sehemu ya waya, na *usiurudishe ufunguo kwenye 0*. Ukigoma mara zote ishirini, karibu kwenye kundi langu.

Kwanza yale ya bure

Komeo la usukani linaweza kuwa limebanwa na magurudumu yenyewe. Kama gari liliegeshwa tairi zikiwa zimekatwa upande mmoja, uzito wote unasukuma lile komeo, na komeo linabana silinda. Sukuma usukani kwa mkono mmoja upande ule unaoonekana kukaza, kisha upande wa pili, huku mkono mwingine unazungusha ufunguo kwa upole. Ukipiga jeki magurudumu ya mbele yakaning'inia, ni rahisi zaidi. Nimeona swichi tatu "mbovu" zikipona kwa njia hii, na kwa mbili kati ya hizo mafundi walikuwa wameshatoa drili kwenye boksi.

Jaribu ufunguo huohuo kwenye mlango wa dereva, buti na kidroo cha dashibodi. Ukifungua kote bila shida, ufunguo bado mzima na ugonjwa uko kwenye swichi. Ukisumbua kote, shaka ianzie kwenye ufunguo. Wangu ulifungua mlango, lakini mpaka uuvute nje kidogo, kama milimita moja, ndipo ukubali. Hiyo ni dalili ya meno yaliyolika.

Na ufungue waya wa hasi wa betri. Utakuwa unachokonoa karibu na swichi ya umeme.

Mafuta: yapi yanafaa, yapi usiyaguse

Kila aliyepita uwanjani alikuwa na chupa yake. WD-40 ndiyo inayotajwa kwanza, na kwa hatua ya mwanzo ni sawa. Iliundwa 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, inapenya, inalainisha uchafu ulioganda, na mrija wake unafika ndani ya tundu. Watu wanakosea wanapoichukulia kuwa kilainishi cha kudumu. Inapokauka inaacha utando mwembamba unaokamata vumbi, na baada ya muda unajikuta palepale. Mimi naitumia kama maji ya kuoshea: puliza, ingiza na utoe ufunguo mara thelathini, ufute kwa kitambaa cheupe, tazama rangi. Kitambaa changu cha kwanza kilitoka cheusi kama oili ya injini ya dizeli. Cha tano kilikuwa cha kijivu, chenye punje zinazometameta. Punje zile ni shaba. Hapo nikajua kwamba uchafu peke yake haukuwa tatizo. Silinda ilikuwa inajisaga.

Dawa ya kusafishia soketi na nyaya za umeme, ile ya kupuliza inayokauka papo hapo, inaosha vizuri kuliko WD-40 na haiachi kitu nyuma. Kama unaipata, anza nayo.

Mchanganyiko wa mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, ni mkali kweli kwa bolti zilizokamatwa na kutu. Niliutumia kwenye bolti za reli za viti na zilifunguka kama zimeombwa. Lakini ndani ya gari asetoni ni adui: inalainisha plastiki, inachubua vanishi. Pembeni ya swichi ya Benzi hili kuna dashibodi ambayo hupati nyingine, na utepe wa mbao ya zebrano, ile yenye mistari kama punda milia. Tone moja likitiririka hapo utalitazama kila siku mpaka uuze gari. Ubaki sakafuni na bolti zake.

Kuna fundi atakayekuambia mafuta ya breki yanalegeza kila kitu. Ni kweli, na rangi yanailegeza pia. Grisi usiweke, inakusanya vumbi na kuzinata springi. Mafuta ya kupikia na ya nazi yanaganda yakawa gundi, na ukikuta swichi iliyowahi kutiwa hayo utaijua kwa harufu.

Kilainishi cha mwisho, swichi ikishakauka kabisa, ni unga wa penseli laini, 2B au zaidi. Unakwangua risasi ya penseli kwa wembe juu ya karatasi, unaukusanya kwenye mrija wa soda, unapuliza kidogo tu ndani ya tundu. Unga huu haukamati vumbi. Lakini usiuchanganye na mafuta: vikikutana vinakuwa tope, na tope la penseli kulitoa ni kazi kuliko ile uliyokuwa nayo mwanzo.

Njia hii ipe siku mbili. Siku ya tatu ukiwa bado unapuliza, unajifariji.

Ufunguo: kunakili au kusoma kitasa

Hapa ndipo wengi wanapoteza pesa ndogondogo. Fundi wa funguo aliye chini ya mwavuli, mwenye ile mashine ya kuchonga, anafuata meno ya ufunguo uliomletea. Ukimpa mgonjwa atakutolea mgonjwa wa pili, pengine aliyezidi kidogo kwa sababu mashine nayo ina makosa yake. Kunakili kuna maana kama ufunguo wako umepinda au una ufa na unaogopa utakatikia ndani. Zaidi ya hapo ni kununua nakala ya tatizo.

Kusoma kitasa ni jambo lingine. Kwenye gari hili ufunguo mkuu mmoja unafungua kila kitu, kwa hiyo vipimo vya meno vimo ndani ya kila kitasa cha gari, na si vyote vilivyochoka sawa. Mlango wa abiria karibu haufunguliwi kwa ufunguo maisha yake yote. Nilikuwa nimeshabandua paneli za milango ili zikavishwe upya, hivyo kukitoa kile kitasa ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Nilimpelekea mzee mmoja wa funguo kule Kariakoo. Alikigeuza mwangani, akatoa kibati kimoja kimoja, akavipanga kwenye kitambaa kama karata.

"Hiki hakijatumika, mwanangu," akasema. "Hapa ndipo gari lako linakumbuka ufunguo wake."

Kabla hajachonga aliomba kadi ya gari. Fundi asiyeiomba, mtilie shaka hata kama bei yake ni nzuri.

Njia ya tatu ni kuagiza ufunguo kwa Mercedes-Benz kwa namba ya chesisi, na hati za kumiliki gari. Unakuja na vipimo vya kiwandani. Ni ghali kuliko hizo mbili, na unasubiri wiki kadhaa. Kama gari liko mbali na mvua na huna haraka, ndiyo njia safi kuliko zote. Kama viti viko ukutani kwa mtu na unalipia nafasi ya uwanja, kitasa cha mlango wa abiria kitakufaa.

Ufunguo uliosomwa upya haukufungua swichi yangu, lakini tofauti niliisikia vidoleni: ule wa zamani ulikuwa unagota papo hapo, huu mpya ulicheza kidogo ndipo ukagota. Vibati vilikuwa vimekaribia kulingana, kikabaki kimoja au viwili vinavyong'ang'ania.

Mtikiso, na mashine ya kinyozi

Kwa vibati vinavyong'ang'ania dawa yake ni kuvitikisa vikae mahali pake. Wenye W123 duniani kote wana mbinu hii: unashika kifaa chochote cha umeme kinachotetemeka, unakigusisha kwenye kichwa cha ufunguo, huku unazungusha kwa nguvu ndogo sana, nguvu ya kufungua kifuniko cha chupa ya dawa. Wengine wanatumia mashine ya kuchorea chuma, wengine ubavu wa msumeno wa umeme usio na bleti. Mimi nilikwenda kwa kinyozi wa jirani nikaazima mashine ya kunyolea. Akaniuliza nani ananyolewa saa tano usiku. Nikamwambia Benzi.

Unaigusisha pembeni ya ufunguo, unausukuma ndani wote, unaurudisha nje nusu milimita, unausukuma tena. Dakika ishirini, ishirini na tano. Usikaze, ufunguo ukikatika ndani umejiongezea kazi ya kuuchomoa kwa sindano mbili au bleti ya msumeno wa uzi, na usimruhusu mtu akuletee gundi.

Ulinganisho wake na nyundo: wapo wanaogonga kichwa cha ufunguo kwa mpini wa bisibisi, taratibu. Wazo ni lilelile, na kwa swichi isiyochakaa sana linatosha. Lakini pigo moja la kupitiliza linapinda ufunguo, na mtu mwenye hasira hajui pigo lipi ndilo limepitiliza. Mtetemo wa mashine hauna hasira.

Siku ya tatu ikazunguka. Nilisikia *tak* ya komeo, usukani ukaachia, nikapiga kelele ya furaha iliyoamsha mbwa wa jirani. Nikaenda kutafuta waya. Niliporudi, kijana msaidizi wa pale gereji alikuwa ameshasukuma gari kidogo, akalirudisha, akazungusha ufunguo kwenye 0, akauchomoa na kunipa kwa heshima zote.

"Nimefunga, bosi, wasije wakaiba."

Kosa lilikuwa langu, sikumwambia. Ndiyo maana siku tatu zikawa tisa. Wewe ukifika kwenye 1, bandika karatasi kwenye usukani, au kaa hapohapo.

Waya, kwa wenye bahati

Ufunguo ukiwa kwenye 1, chukua waya mgumu wa milimita 2 hivi. Waya wa henga ya nguo ukiwa mnene unafaa. Noa ncha yake kwa mshazari kama mundu mdogo. Pembeni ya tundu la ufunguo, kwenye uso wa silinda, kuna kinafasi chembamba ambacho wengi hudhani ni pambo. Waya unaingia humo, ncha inaibana lachi, ile kola nyeusi inayozunguka tundu inaachia, na silinda inatoka mikononi mwako pamoja na ufunguo wake. Mara ya kwanza unaweza kukosa kwa sababu ncha yako ni butu au pana mno. Noa tena.

Hakuna kilichokatwa, hakuna kilichotobolewa, nyumba ya kitasa inabaki ilivyo. Volkswagen Beetle za miaka ya 1970 nazo zina tabia ya namna hii: kuna kitundu kidogo kwenye nyumba ya swichi, unabonyeza kwa waya ufunguo ukiwa umezungushwa, silinda inakuja. Kwa hiyo mwenye gari la zamani ambalo swichi yake *imeanza* kusumbua lakini bado inazunguka, fanya hili wikiendi hii. Kazi hii ya nusu saa, ukiisubiri mpaka igome, inageuka kuwa zile ninazozieleza hapa chini.

Ikigoma kabisa: drili, nyundo ya kuvuta, au shina zima

Hapa tunazungumza kuharibu. Swali ni uharibu kipi.

Drili inaua silinda peke yake, ukiwa na mkono uliotulia. Unatoboa pale juu ya tundu la ufunguo ambapo vibati vimejipanga, unaanza na biti nyembamba ya milimita 3, unapanua taratibu, mwendo mdogo, na tone la oili. Uso wa silinda ya W123 ni mgumu; biti ya kawaida kwangu iliteleza, ikalia, ikawa ya bluu nchani. Inahitaji biti ya kabaidi na uvumilivu. Vibati vikishasagwa, bisibisi bapa inazungusha kilichobaki hadi kwenye 1. Hatari ni kwenda ndani mno, kwa maana nyuma ya silinda kuna swichi ya umeme, na kwa dizeli kama hili kuna pia vali ndogo ya vakyumu yenye mirija, ile inayozima injini ukirudisha ufunguo. Funga mkanda wa karatasi kwenye biti kuweka alama ya kina, na ukifika kwenye mkanda, acha.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: punje za shaba hazikamatwi na sumaku. Nilikuwa nimeandaa sumaku ya spika, ikakusanya za chuma tu. Za shaba zilijipenyeza kwenye kila kona na zilitoka kwa mashine ya kufyonza vumbi peke yake. Kama viti vyako vipya vimeshafungwa, punje hizo zitaingia kwenye mshono na kuchoma nguo kwa miaka. Kwa sababu hiyo swichi ishughulikiwe wakati gari liko tupu, hata kama haijagoma.

Nyundo ya kuvuta, ile ya mafundi bodi ya kutolea bonde, ndiyo ya haraka kuliko zote. Unakaza skrubu kwenye tundu la ufunguo, unavuta kwa kishindo. Kwa magari yenye nyumba ya kitasa laini inafanya kazi, kwa maana kwamba kitu kinatoka. Nilishaiona kwenye pikapu moja ya zamani: silinda ilitoka na kipande cha nyumba yake, na gari likawa halifungi usukani tena milele. Kwa Benzi hili siishauri hata kidogo. Ikishindwa, na itashindwa, umebaki na tundu lililopasuka ambalo wala drili haiwezi kulilenga.

Bisibisi kubwa na nguvu za mkono naziweka kapu hilohilo. Kabla gari halijafika kwangu, mtu fulani alishajaribu. Ufa kwenye ule utepe wa zebrano ni wake.

Kushusha shina zima la usukani pamoja na kitasa chake ni njia ya tatu, na kwa anayerudisha gari upya ndani si ya kichaa kama inavyosikika, kwa sababu nusu ya vinavyozuia umeshavitoa. Faida yake ni kwamba unakifikia kitasa kutoka ubavuni, mezani, kwenye mwanga, unatoboa pale penye komeo badala ya usoni penye chuma kigumu. Hasara yake ni kila kilichopo njiani. Saa za dashibodi kwenye W123 hazina skrubu usoni. Zimeshikwa na mpira tu, zinavutwa kwa ndoano mbili za waya. Usizivute ukafurahi. Nyuma yake kuna kebo ya spidi, na kuna mrija mwembamba wa oili yenyewe ya injini unaokuja hadi kwenye geji ya presha, maana geji hiyo inasoma oili halisi, haitumii umeme. Mrija ukikatika na injini ikawashwa, oili inashuka kwenye kapeti. Kama kapeti ni mpya, utakaa chini pembeni ya gari kwa muda.

Ningechagua vipi? Drili kwa fundi aliyewahi kufanya W123 na anayekubali kuweka mkanda kwenye biti. Shina zima kama usukani wenyewe una kazi nyingine ya kufanyiwa, labda bushi zimekufa. Nyundo ya kuvuta, kamwe.

Mimi sikufika huko mwisho, ingawa ile biti iliyogeuka bluu ni ushahidi kwamba nilianza siku ya saba kwa kukata tamaa, nikaacha baada ya dakika kumi. Siku ya tisa nilirudi kwa kinyozi, na kwa mashine yake swichi ikazunguka tena.

Vitasa vidogo, kwa kifupi

Kidroo cha dashibodi na milango havifungi usukani, kwa hiyo usivipe heshima ileile. Kitasa cha kidroo ni chepesi. Fundi wa funguo anakichokonoa kwa dakika chache, na hata ukilazimika kukitoboa, biti ya kawaida inakitosha. Cha mlango kisubiri paneli itoke. Ila ujue jambo moja la 240D: kama injini haizimiki ukirudisha ufunguo, usikimbilie kulaumu swichi. Kufunga milango na kuzima injini vinatumia vakyumu ileile, na kitasa cha mlango kinachovuja hewa kinaweza kuiacha injini iendelee kunguruma.

Cha kuweka badala yake

Silinda mpya inaweza kuagizwa kwa namba ya chesisi ikaja na meno ya ufunguo wako wa asili, mmoja kwa gari zima. Mercedes-Benz wana kituo chao cha magari ya zamani Fellbach, karibu na Stuttgart, tangu 1993, na vipuri vya W123 bado viko kwenye mzunguko. Silinda ya kampuni nyingine ni rahisi zaidi lakini inakuja na ufunguo wake, kwa hiyo utatembea na funguo mbili, moja ya mlango na moja ya kuwashia. Kwa gari la kazi, sawa. Kwa gari unalotaka liwe lilivyotoka, itakukera kila asubuhi.

Ya mtumba, zile spea zinazoshuka kutoka Sharjah na Dubai, ni bahati nasibu: silinda hiyo nayo ina miaka 40, ya joto la jangwani na vumbi lake. Na magari ya kule usukani uko kushoto. Kama unanunua nyumba nzima ya kitasa au shina, beba la kwako, viweke vyote viwili mezani, linganisha kabla ya kutoa pesa.

Halafu kuna kitufe. Fundi umeme anaunganisha nyaya, anatoboa dashibodi, anakuwekea kitufe cha kuwashia na swichi ya kuwasha umeme. Rahisi kuliko vyote. Lakini kwenye dizeli hii, bila ufunguo kuzunguka, ile vali ya vakyumu haifanyi kazi, na kuzima injini unafungua boneti na kusukuma kile kiwiko chekundu kilichoandikwa STOP. Nimewahi kumwona mtu mzima mwenye suti akifanya hivyo nje ya harusi.

Ya kwangu iliagizwa. Kapeti imerudi Jumamosi iliyopita, viti vinafuata. Ufunguo mpya unaning'inia kwenye swichi peke yake; wa geti na wa nyumba viko mfukoni, na kinyozi amerudishiwa mashine yake na pakiti ya wembe juu.